Tantine, Clarisse Ameolewa

Tantine yangu,

Clarisse wako, mdogo wangu, ameolewa! Jumamosi iliyopita, hapa hapa Saint-Gilles. Ungemwona mumewe akijaribu kucheza ungecheka mpaka ukae chini. Miezi minane tangu tukuzike, na bado kila jambo zuri nataka kukuambia wewe kwanza.

Unakumbuka ile siku ya duka la viatu, Chaussée d'Ixelles? Tulikuwa tunachagua viatu tu, mara pumzi ikanikatika, mwili ukatetemeka, nikakushika nikisema ninakufa. Daktari alishatueleza kwamba moyo wangu ni mzima, kwamba hizi ni crise de panique, woga unaoushika mwili ghafla. Ukaketi nami sakafuni katikati ya duka, na kilo zako zote, ukasema: "Haufi, mutoto yangu. Ni woga. Tuingojee ipite." Ikapita. Tukanunua viatu.

Bon, arusi. Dakika kumi kabla ya kutoka, zipu ya gauni ikapasuka mgongoni. Clarisse analia, wanja unamchuruzika, wasimamizi wanapiga kelele, dereva anapiga honi. Na mimi, Tantine, mimi ninayeogopa foleni ya mkate, nikatulia kabisa. Nikaomba sindano na uzi, nikamshonea gauni mwilini. "Pumua, lakini kidogo," nikamwambia, "uzi ni mwembamba." Akacheka huku analia. Tukawahi.

Kisha ukumbini, muziki mzuri, samaki mtamu, hakuna aliyenikosea, ndipo crise ikanikamata. Ndivyo ilivyo kwangu: balaa likija ninalikabili, halafu woga unanivizia nikiwa nimestarehe. Vidole vikafa ganzi. Zamani ningekimbilia chooni kujificha. Safari hii nikaweka uma chini, nikasema mbele ya meza nzima: "Nina crise de panique. Sifi. Nipeni dakika chache."

Nikamtazama Tonton Anaclet, kaka yako, yule aliyeniombea siku tatu akinifukuzia pepo. Nikajua sasa ataanza maombi. Akasogeza kiti chake, akainama sikioni kwangu.

"Na miye inanikamataka," akasema. "Tangu Lubumbashi. Sijaambia muntu."

Tantine, ulijua? Kumbe ndiyo sababu hapandi metro! Miaka yote hii anatuambia kutembea ni dawa ya magoti! Nikaanza kucheka, naye akacheka, machozi yakatutoka sote wawili, na woga ukaenda zake hata sikuona umeondoka saa ngapi.

Aliniuliza kama daktari wangu anapokea wazee. Donc, nakuahidi: Alhamisi nampeleka mwenyewe. Ni karibu na Gare du Nord, kutoka hapa ni mwendo wa saa nzima, na tutaenda kwa miguu kama anavyotaka. Wakati wa kurudi tutajaribu metro. Kituo kimoja tu. Akitaka kushuka, tutashuka, tukae kwenye benchi, tungoje nyingine.

Pumzika, Tantine. Kaka yako yuko nami.

Nadine wako