Rojo la Moto Chini ya Kofia

Saltley, Birmingham
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa mkubwa wangu, Da Asmahan,

Asalaam aleykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na majirani wote, na kwamba goti lako sasa linapanda ngazi bila kununa. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Shemeji yako Idarous kashikwa na mafua wiki ya pili hii, ila ulimi haukuugua, anakusalimu sana na kulalamika sana. Rehana amerefuka, viatu vya Idi havimwingii tena. Baridi imepungua, mvua ndiyo hiyo hiyo.

Da Asmahan, nakuomba kitu kimoja kabla ya yote. Alhamisi usiende kwa yule mwenye kikundi cha Hija kufuta jina lako. Kaa kitako umalize barua hii kwanza. Yasir mwenye duka la vitambaa la Alum Rock Road anasafiri kesho, na ameniapia kwamba Jumatano atakuwa mlangoni kwako na bahasha hii nene mkononi. Kama bado yupo hapo, usiisome mbele yake. Mpe chai, mwache aende zake.

Jana uliponipigia ukaniambia nafasi yako utampa mtu mwingine, kwa kuwa huwezi kusimama Arafa na mama yako kafa hajakuridhia, nilikaa jikoni na simu sikioni mpaka wali ukaungua. Nilitaka kusema hapo hapo. Nilikuita, ukaitika, nami nikakuuliza bei ya karafuu. Karafuu, mie! Nina karafuu za miaka kumi kabatini. Ndiyo maana naandika, kwa sababu kalamu haikatishwi na sauti yako.

Nitapita njia ndefu kidogo, univumilie, maana ile fupi imenishinda miaka minne.

Unajua kuwa Jumamosi nampeleka Rehana ukumbini, nyuma ya duka la Yasir, kwenye darasa la watoto. Zamani kulikuwa na kuchora na kupiga kelele tu. Tangu Januari amekuja mama mmoja Myoruba wa Nigeria, jina lake Morenike, mjane, siku tano yuko ghalani Washwood Heath anapanga masanduku, na Jumamosi anawafundisha watoto kugawana vitu. Hawafundishi kwa maneno ya ‘kugawana ni kuzuri’, hayo wameyasikia shuleni yakawatoka. Anawafundisha kwa ngano za kwao. Anaita “Alo o!” na watoto wanajibu “Alo!” kama sisi tulivyokuwa tukijibu pakawa. Halafu anamtoa Ijapa, ndiye kobe wao, mjanja kama sungura wetu lakini mlafi, mlafi, hana mfano.

Akimaliza ngano analeta sinia moja la chakula, na mtoto mmoja anagawa. Sharti lake ni kwamba anayegawa huchukua la mwisho. Usione hivi, limewatengeneza wale watoto! Wanakata andazi kwa macho ya sonara.

Basi Jumamosi iliyopita akatoa ngano ya Ijapa ukweni. Mama mkwe kapika rojo la viazi vikuu, zito, la mafuta mekundu, linatokota. Ijapa kala akashiba, lakini roho haikushiba. Watu walipotoka jikoni, akachota rojo la moto akalijaza kofiani, kofia akaivaa, akaaga. Sasa wakwe ni watu wa adabu, mgeni hawamwachi aende peke yake, wakatoka kumsindikiza. Wakamuuliza hali ya mkewe, wakamuuliza ya shamba. Rojo linaunguza. Ijapa anawaambia rudini, inatosha, nao wanasema hata, mkwe wetu, twende mpaka mtoni. Mpaka mtoni! Kofia ilipomshinda akaivua mbele yao wote, na kichwa hakina unywele hata mmoja. Ndiyo maana kobe ana upara mpaka leo.

Watoto walicheka wakalala chini. Mie sikucheka, Da Asmahan.

Nurto, yule Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi, akalalamika kwamba hadithi za wezi zitawaharibu watoto, ati angalau wawe na hadithi ya mtu mzuri. Morenike akamjibu kwa upole kwamba mtu mzuri hafundishi kitu, watoto wanajua hawafanani naye. Kisha akatoa kofia ya marehemu mumewe, ya kitambaa cha zambarau, inayolala upande mmoja, akasema itazunguka. Kila itakayemfikia ataivaa, aseme kitu kimoja alichokificha ili asigawane na wenziwe, kisha aivue.

Dalmar wa Nurto akaivaa akakiri sambusa tatu alizozilaza chini ya mto, Ramadhani. Mama yake akashika kichwa. Watu wakacheka. Mwingine akasema rangi za kuchorea. Kofia ikamfikia Rehana wangu. Unamjua, Kiswahili anakisikia chote lakini jibu hutoka kwa Kiingereza. Akaivaa, ikamfunika mpaka nyusi, akasema yeye hana alichoficha ila anajua kilichofichwa. Akasema mama yake ana simu ya Bibi kwenye droo ya misala, na sauti ya Bibi imo humo, inamsemesha mama mkubwa Asmahan, na mama mkubwa hajapewa.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Na mie nikacheka. Wallahi nilicheka. Nikasema huyu mtoto anaota macho wazi, hapana simu wala sauti. Nurto akaniunga mkono, masikini, akasema watoto wa hapa ni televisheni tupu. Rehana akaivua ile kofia polepole, akamrudishia Morenike. Machozi yalimtoka bila sauti. Morenike akaniangalia, akaguna tu, akaenda kuleta sinia. Siku hiyo zamu ya kugawa ilikuwa ya Rehana. Akawapa wote, mie akanipa kipande kikubwa kuliko vyote, na chake kilikuwa makombo. Kile kipande nimekitia mkobani, mpaka leo kimo.

Jumapili ukapiga wewe na habari ya Hija.

Sasa nasema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sitaki kifo ndicho kikwambie.

Tangu Mama aondoke kuja huku, nawe usiende kumuaga uwanja wa ndege kwa hasira, alikula yamini kwamba hatakusemesha, na hilo unalijua. Ulipiga, akakataa simu, unajua. Usilolijua ni siku ile, siku kumi na moja kabla hajafa. Alimwita Rehana, akiwa na miaka sita tu, akamwambia amshikie simu arekodi. Mie nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akakusemesha dakika mbili na zaidi kidogo. Amesema, Asmahan mwanangu, nimekuridhia duniani na akhera. Amesema hasira zake zilikuwa za kukosa kukuona pale uwanjani, aligeuka nyuma mara tatu. Amesema usilie, na ukilia usikae kwenye baridi. Kisha mwisho kabisa akasema, Shemsa atakufikishia.

Hilo ndilo lililonichoma. Miaka miwili nimemwogesha, nimemlisha kwa kijiko, nimemgeuza kitandani mgongo wangu ukalia, na radhi anakupa wewe uliyemnunia. Jina langu limetajwa mara moja tu, nalo la tarishi. Nilimwona Mama kama sinia, nikasema hili langu, hili nimelifanyia kazi, simpi mtu. Nikaitia simu drooni. Nilijiambia ni kwa siku mbili tatu tu, hasira zikinitoka nitakutumia. Akafa hazijanitoka. Ukapiga siku ya khitma, ukaniuliza kama Mama alikutaja. Nikasema hakusema kitu.

Baada ya hapo, Da Asmahan, ilikuwa kusindikizwa mpaka mtoni. Kila ulipopiga kunishukuru kwa kumuuguza Mama, kila uliponiambia mie ndiye mwenye bahati, niliyepata radhi zote. Nilikuwa nakuambia haya, inatosha, lala salama. Na wewe kwa adabu zako unaongeza dua.

Sitetei nafsi yangu. Nimekuibia radhi ya mama yako miaka minne, na juzi nikamfanya binti yangu mwongo mbele ya watu ili niendelee kuiba. Jana usiku nimemwomba msamaha Rehana. Akaniuliza kama Jumamosi nitavaa ile kofia. Nimemwambia nitaivaa.

Simu ya Mama imo humu bahashani, ndani ya kanga yake ile ya kisutu. Kaifunga Rehana mwenyewe. Ningeweza kukutumia sauti hiyo kwa WhatsApp dakika hii hii, lakini nataka kwanza ujue ni nani aliyeizuia, ndipo usikie. Namba ya kufungulia ni mwaka uliozaliwa wewe. Aliiweka Mama, wala si mwaka wangu, na hilo nalo nililibeba kama jiwe. Sikubakisha nakala. Nimejifunza kwa watoto kwamba anayegawa huchukua la mwisho. Siku utakayopenda, kama utapenda, unisikilizishe na mie. Usipopenda, sina neno.

Anayekwenda Hija huwapitia watu kuwaomba msamaha. Safari hii msafiri ni wewe na mwombaji ni mie. Nisamehe, dada yangu. Kama moyo hautaki leo, nenda nao huko huko, umwachie Mola.

Idarous anakusalimu, na Rehana anambusu mkono mama yake mkubwa, kwa Kiswahili safari hii, kaniamuru niandike hivyo. Wasalimie wote nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Chaji nimeijaza mpaka juu. Funga mlango, msikilize Mama, halafu ukafungashe ihramu yako.

Mdogo wako, tarishi aliyechelewa,

Shemsa