Boliti Zilizooshwa kwa Dizeli

S.L.P. 37,
Mtito Andei.
12 Agosti 1986

Mpendwa mdogo wangu Mwangangi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Habari za huko Kanyangi? Mumbua na watoto ni wazima? Mbaazi mmeshavuna? Mimi mwili hauna neno, ni vumbi la barabara tu linanikohoza. Lakini moyo hauko mahali pake, na sababu ni lori lako.

Dereva Kilonzo, yule anayebeba mizigo kati ya hapa na huko kwenu, alipita hapa dukani wiki jana akicheka. "Mama Spea," akaniambia, "ndugu yako ameziba oili inayovuja kwa injini na sabuni ya kipande! Anafikiri ni tangi ya petroli!" Wote waliokuwa dukani wakacheka. Mimi nilitafuta kiti.

Mwangangi, sabuni inazuia petroli isivuje kwa tangi, hilo tunajua sote. Oili ya moto haiwezi. Na nilimuuliza Kilonzo vizuri hiyo oili inatoka wapi. Inatoka kwa zile boliti nane zinazoshika flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Ncha zake zinaingia mpaka ndani kwenye oili. Kwa hizo nilikutumia gundi, ile chupa ndogo nyekundu. Ile tyubu ya silikoni niliyotuma pamoja nayo ilikuwa ya bakuli la oili, chini ya injini. Nilikwambia: silikoni inaziba tu, hairuhusiwi karibu na boliti hizo. Gundi ya chupa inaziba na pia inazuia boliti kulegea, lakini inataka chuma kikavu.

Sasa nasikia fundi wako Mulei aliziosha kwa dizeli, vile anaosha kila kitu, halafu akapaka gundi juu. Dizeli si mafuta? Inaacha utelezi, na gundi haikauki kamwe. Ni kama mmefunga boliti na uji.

Nasikia pia ulisema, "Huyo dada anajua kuuza spea, kufunga hajui." Hiyo iliniuma. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyenishika mkono. Kazi hii nilijifunza nikilala chini ya malori ya watu. Lakini hayo tutagombana siku nyingine, mkiwa hai.

Ninachoogopa ni hiki. Kilonzo anasema ukikanyaga klachi, kitu kinagonga. Hizo boliti zimeanza kulegea. Niliona hapa Mtito flaiwili iliyong'oka: ilipasua sakafu ya kabini kama kopo. Dereva alipona, mguu wake haukupona. Na wewe Jumamosi unabeba akina mama wa kanisa, arobaini na wawili, mpaka kwa harambee ya Nunguni, na ile milima yote. Piga hesabu: kila boliti watu watano, na wawili wanabaki bila wa kuwashika. Mwaitu, mama yetu, kwa sababu ya magoti yake, mtamkalisha kabini. Juu ya flaiwili kabisa.

Nimempa Kilonzo boliti nane mpya na chupa nyingine akuletee. Shusheni giaboksi. Boliti za zamani tupa, usimwachie Mulei akaziweke akiba. Matundu yaoshe kwa petroli, yapanguse na kitambaa safi, yaache yakauke, na mkono wenye oili usiguse tena. Tia gundi kwa meno ya boliti, kaza moja, halafu ile inayoitazama ng'ambo, na injini isiwashwe mpaka kesho yake. Kama haitawezekana kabla ya Jumamosi, lori lisiende. Mwambie mchungaji ukweli. Aibu haijazika mtu.

Nilimtuma huyo huyo Kilonzo amwombe Mwaitu asipande. Leo ameniletea jibu: "Mwambie Nzilani, lori la mwanangu ndilo nitapanda. Mwangangi hawezi kuniua." Tangu nisikie hayo sijaweza kula. Mimi amekataa kunisikia, Mwangangi. Wewe atakusikia. Mkatalie.

Nisalimie Mumbua, mjomba Ndululu na Mutindi mdogo. Mulei pia msalimie, sina chuki naye. Mungu awafunike nyote, lakini spana ushike wewe mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye hata ukimkasirisha,
Nzilani