Saa ya Lango la Juu

Jumatatu, 3 Machi

Shule imeisha, na kila mtu ana mpango na mimi isipokuwa mimi mwenyewe. Leo Shangazi amesema mbele ya Baba: Jumatatu ya tarehe 17 naanza kazi kwenye duka lake la ushonaji. Siku sita kwa wiki. Nikasema "ndiyo, Shangazi". Mdomo wangu una tabia ya kuitikia kabla sijaushauri.

Halafu nikasema kitu. Mimi! Nikasema naomba Jumamosi ziwe zangu, za baiskeli.

 Mama akaacha kukunja nguo. Shangazi akacheka. Haya, akasema, chama cha baiskeli kikikuandika kabla hujaanza kazi, Jumamosi ni zako. Kisipokuandika, nisisikie tena habari za hizo pembe za kondoo. (Anamaanisha usukani wangu.)

Jioni nikaenda kwa Kinyozi, mwenyekiti wa chama. Nilipita mbele ya kibanda chake mara tatu kabla ya kuingia. Alikuwa na mteja, kidevu kimejaa povu. Sharti ni moja tu, akasema bila kugeuka: jina lako liwe kwenye madaftari ya malango yote mawili ya hifadhi, asubuhi moja. Lango la chini hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Lango la juu, ikishafika saa mbili, baiskeli haipiti, maana barabara ni nyembamba na magari huanza kushuka. Katikati kuna kilomita ishirini na nne, na kile kilima wanachokiita Mamamkwe.

"Ukimkaribia huyo, inamisha kichwa," akasema mwenye povu. Wakacheka wote.

Pale nilitazama nywele sakafuni. Lakini Mamamkwe nitamtazama usoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshindwa. Dakika kumi na moja!

Barabara inaanza kwa upole, bahari mkono wa kushoto, vichaka vinanuka chumvi. Unajidanganya kwamba umezaliwa kwa kazi hii. Kisha Mamamkwe. Kona saba. Kwenye ya nne upepo wa bahari unakupiga ubavuni kama mtu aliyekuwa anakusubiri. Nyani wamekaa kwenye ukingo wa barabara, mmoja anajikuna tumbo, ananitazama. Nilishuka nikasukuma. Ndiyo, nilisukuma. Naandika ili nisije nikajisifu baadaye.

Mlinzi wa lango la juu ni mzee mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri.  Akaelekeza kalamu kwenye saa ya ukutani, kisha akaielekeza chini, nilikotoka.

Alhamisi, 6 Machi

Ngazi za nyumbani ni nane. Sikujua. Leo mapaja yamezihesabu zote.

Jumamosi, 8 Machi

Sikusukuma! Hata kona moja!

Na nimeshindwa tena. Dakika tatu.

Nilifika lango la chini mapema, nikasubiri nje kwa adabu mpaka mama mlinzi alipolifungua, saa kumi na mbili na nusu kamili. Nakwenda kusaini, nakuta wanaume tisa wa chama wameshatia majina. Wote wameandikiwa saa kumi na mbili na nusu. Wino umekauka. Barabarani hakuna hata mmoja. Nikadhani nimechelewa, nikakanyaga kama mwendawazimu.

Juu, saa ya mlinzi ilisema saa mbili na dakika tatu. Kalamu ikaelekea chini. Nikasema "asante". Asante! Kwa kufukuzwa!

Nilikuwa kona ya tano, nashuka, nilipotazama mkono wangu. Nilikuwa nimevaa saa aliyoninunulia Baba kwa ajili ya mtihani. Nikapiga hesabu ya kurudi nyuma, mara mbili. Kwa saa yangu, nilifika saa mbili kasoro dakika mbili.

Jumapili, 9 Machi

Nimesubiri taarifa ya habari redioni, mlio wa saa ukapiga. Saa yangu iko sawasawa. Ile ya lango iko mbele dakika tano.

Nikaenda kwa Kinyozi. Safari hii nilipita mara moja tu. Nikamwambia. Sauti ilikuwa kama ya panya ndani ya gunia, lakini nilimwambia.

Hakushangaa hata kidogo. Kila mtu anajua, akasema. Mzee aliisogeza makusudi miaka mingi iliyopita, amalizane na wanaombembeleza dakika mojamoja. Ndiyo maana sisi tunaingia saa kumi na mbili na robo. Mama wa lango anatufungulia, anatuandikia nusu, maisha yanaendelea.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, binti."

Hukuuliza! Kana kwamba mtu huamka asubuhi akauliza kama saa inasema uongo.

Kisha akalainika. Jumamosi njoo na sisi, akasema, robo. Utapita bila jasho, tukuandike, Shangazi yako atulie. Mdomo wangu ukaanza "ndi—", nikaufunga. Nikasema hapana, nitaingia nusu kama ilivyoandikwa langoni.

Akanitazama kupitia kioo. "Kichwa kigumu hakipandi kilima," akasema. "Miguu ndiyo inapanda."

Ninayo miguu pia.

Jumanne, 11 Machi

Shangazi amenipima kwa ajili ya sare ya dukani. Alizungusha futi kwenye paja, akasoma, akazungusha tena. "Haya mapaja niyashonee nini, turubai?"

Mama akaangua kicheko. Mimi pia. Kisha nikawaeleza habari ya saa. Shangazi akatoa pini mdomoni. Akasema mteja akija na futi iliyokatwa mwanzo, hashonewi nguo, anaambiwa kwanza futi yake ni mbovu. Nikadhani yuko upande wangu. Akarudisha pini mdomoni: "Lakini sharti ni lilelile. Jumamosi ndiyo mwisho."

Ijumaa, 14 Machi

Mnyororo nimeusafisha. Matairi nimeyajaza. Daftari hili ni dogo, linaingia mfuko wa nyuma wa fulana. Kesho naenda nalo. Baba nimemkuta anaisikiliza saa yangu sikioni kama daktari.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimekaa chini, mgongo kwenye nguzo ya lango la juu.  

Niliingia saa kumi na mbili na nusu. Nilimwomba mama mlinzi atazame na saa ya simu yake kabla ya kuandika. Akatazama, akanitazama, akaandika.

Kona ya pili, kobe yuko katikati ya barabara. Kanuni ya hifadhi iko kwenye kibao: kobe apishwe, asiguswe. Nikasimama. Akavuka polepole kama anakwenda kuposa. Nilitaka kulia. Sikumgusa.

Kona ya nne upepo. Nikautukana kimoyomoyo, kwa heshima zote. Ya sita, miguu ikaomba ruhusa. Sikuitikia!

Nimefika saa mbili kasoro dakika moja. Saa ya ukutani: saa mbili na dakika nne. Kalamu ikaelekea chini.

Nikasema: "Shikamoo, mzee. Siteremki."

Ameshtuka kuliko mimi. Nikamwonyesha mkono wangu. Akasema hapa saa inayofuatwa ni hii ya ukutani. Nikasema ndiyo, ila ni mbovu. Akafunga daftari lake, akampigia mkuu wa hifadhi kwa redio: kuna msichana amegoma langoni. Mkuu akajibu anakuja.

Wanachama wako ng'ambo ya kizuizi, wanakunywa maji. Kinyozi amekuja kuchuchumaa mbele yangu. Ananong'ona: mwombe mzee radhi, akuandike kwa hisani, nasi tutakuandika, yaishe. Nikamwambia sitaki hisani, nataka dakika zangu tano. Akakuna kichwa. Hakuondoka. Amekaa hapa kando yangu, sijui kwa nini. Magari mawili yanasubiri kushuka, dereva mmoja anapiga honi.

Mlinzi ametoka kuchungulia barabara. Amerudi ndani. Anaburuta kiti. Anakiweka chini ya saa, airekebishe kabla mkuu hajafika!

Nimesimama.

"Iache hapohapo, mzee! Mkuu aione!"

Sauti yangu hiyo. Hata honi imenyamaza. Mguu wake mmoja uko juu ya kiti, mmoja sakafuni, mkono umeinuliwa nusu. Kinyozi naye amesimama, anatazama saa yake, kisha ya ukutani, kisha wenzake. Gari la mkuu linakuja, nasikia linabadilisha gia kona ya saba. Nafunga daftari.