Kichwa cha Samaki Mlangoni kwa Mama Divine

Jumatano, jua limezama. Mvua imetupiga mchana kutwa hapa Manga, sasa umebaki ukungu na kelele za vyura.

Nina bahati ambayo watu wa huku wangepaswa kuja kuitazama kwa kiingilio. Wengine wanalia na bonasi ya chai, mimi yangu imenikuta nimekaa mkao wa kula. Majani yangu karani aliyapima akanitazama mara mbili. Nikaona si vizuri kushiba peke yangu, nikatengeneza kikapu kizima cha mwaka mpya kwa familia yenye shida. Kizima. Mtu aliyewahi kulinda mageti ya Dubai hatoi nusu.

Kama umeingia blogu hii leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Myahudi. Ndiyo, Mkisii na Myahudi, kwa pamoja, na sijapasuka. Tuko familia chache tu, tunasali kwenye nyumba ya mabati huku juu. Kwa vile Jumamosi tunapumzika, majirani wanadhani sisi ni Wasabato tuliozidisha. Mwaka wetu mpya umeingia Jumatatu jioni, na kwa siku mbili za sikukuu hatuandiki wala hatushiki simu. Ndiyo maana maneno yamenijaa hivi.

Kabla mwaka haujaingia huwa tunachanga. Mwenye nacho anapeleka kwa Mzee Eliya, kiongozi wetu wa sala, na yeye na mkewe wanapanga vikapu vya familia zilizokwama na vya watu waliokimbia nchi zao wakaangukia huku kwetu. Ndani kuna unga, mkate wa duara anaouoka mke wa Mzee kwenye sufuria yenye makaa juu na chini, matufaha, na chupa ya asali ili mwaka uwe mtamu. Halafu kuna kichwa cha samaki. Maana yake, mwaka huu tuwe kichwa, tusiwe mkia. Ni desturi ya Wayahudi wa mbali, tukaipenda, na samaki wa kukaushwa kwa moshi wanafika sokoni kutoka ziwani kila wiki.

Kuna sharti moja. Anayepewa asijue nani kampa. Unaweka mlangoni, unaondoka, ili mtu asione aibu.

Kwangu sharti hilo ni kifungo. Mimi nikinunua kiberiti kijiji kizima kinajua.

Jumatatu alasiri nilikipeleka kikapu kwa Mama Divine. Huyu ni fundi wa nguo, Mkongo wa Kivu, alikimbia vita na watoto watatu. Anashona kwenye baraza la duka, na amepanga chumba kimoja kwenye ploti ya Omong'ina Nyaboke, yaani Bibi Nyaboke, karibu na soko. Hakuwepo. Kichwa cha samaki nilikifunga kwa jani la mgomba, nikakaza kamba vizuri, nikakiweka juu ya mkate. Nikaondoka napiga mluzi kama malaika aliyemaliza kazi.

Sasa hebu fikiria. Mtu anarudi jioni anakuta kitu mlangoni. Hakuna aliyekileta. Hakuna aliyebisha hodi. Na ndani kuna kichwa kilichofungwa kwa jani la mgomba.

Huku Kisii hicho hakiitwi msaada. Kinaitwa kutegewa uchawi.

Watu wamechomewa nyumba huku kwa kitu kidogo kuliko hicho. Na mimi nimezaliwa hapa, kitovu changu kimezikwa hapa. Wote kule kwenye nyumba ya sala tumezaliwa hapa. Tulijifunza sheria kwa bidii mpaka tukasahau tunaishi wapi.

Jumanne mchana natoka kwenye sala, masikio bado yanavuma kwa ile pembe ya kondoo tunayopiga kukaribisha mwaka. Napita sokoni, nakuta ploti ya Omong'ina Nyaboke imejaa watu. Kikapu kiko katikati ya ua, wamekizunguka kama vile ni nyoka. Cherehani ya Mama Divine iko nje. Godoro liko nje. Watoto wake wamekaa juu ya godoro, wametulia namna ile watoto wasivyopaswa kutulia.

"Tangu huyu aje, ng'ombe wawili wamekufa hapa jirani," kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anasema. "Haya ni mambo ya kwao huko."

Omong'ina Nyaboke alikuwa amejifunga leso kiunoni. "Mama Divine, mimi sikuchukii. Lakini jua likizama nataka chumba changu kikiwa kitupu."

"Mama, mi sijue ni nani aliweka," Mama Divine alisema. "Hata mimi naogopa. Nilikiacha inje, watoto wakalala bila kukigusa."

Nitasema ukweli wa hapo. Miguu yangu ilitaka kuendelea na safari. Hakuna aliyejua ni mimi, na sheria yenyewe ilikuwa inaniambia ninyamaze. Mara ngapi katika maisha mtu anapata woga wenye kibali cha dini?

Nikaingia uani.

"Hicho kikapu nimekiweka mimi."

Omong'ina Nyaboke alinipima toka kofia hadi viatu. "Wewe? Wewe ukimsalimia mtu unataka upigwe picha. Leo utoe kitu unyamaze?"

Watu wakacheka. Nikashukuru kicheko hicho, maana mtu anayecheka hawashi kiberiti.

"Ndiyo hiyo imenitesa tangu jana, omong'ina. Ni chakula. Ni sikukuu yetu."

"Kama ni chakula, kula."

Nikala. Nilimega mkate, nikachovya tufaha kwenye asali nikatafuna taratibu huku nawaangalia. Hakuna aliyevutiwa. Macho yote yalikuwa kwenye jani la mgomba. Nikakata kamba kwa meno, nikafungua, na kichwa cha samaki kikatutazama sote.

Mama mmoja alirudi nyuma. Omong'ina Nyaboke yeye aliinama.

"Ana magamba?" aliuliza. Ni Msabato wa kuzaliwa, samaki asiye na magamba haingii kwake.

"Anayo, omong'ina, ni ngege. Tazama shavuni. Hata wewe ungemla."

"Sitamla mimi. Utamla wewe."

"Na jicho," kijana wa bodaboda akaongeza.

Nikala shavu, nikala midomo, nikala jicho. Lilikuwa gumu kama kifungo cha koti, likapita. Nikafuta mkono kwenye suruali yangu ya sikukuu.

"Sasa kama ni uchawi uko tumboni mwangu," nikasema. "Nifukuzeni mimi, nyumbani kwangu mnapajua. Na kama bado mnamtaka huyu mama aondoke, godoro lake nalibeba sasa hivi. Tutabanana na mke wangu na watoto wangu, na kila asubuhi mtapita hapo muone kama tumeota mikia."

Omong'ina Nyaboke alimega kipande cha mkate, akanusa, akatafuna kwa muda mrefu sana.

"Umekosa chumvi," alisema. Kisha akawageukia vijana. "Nani alitoa cherehani ya mtu nje na mvua inakuja? Irudisheni. Na godoro."

Wakarudisha.

Mama Divine hakunishukuru, na sikustahili. Alisimama mlangoni akaniambia polepole, "Papa, siku nyingine piga hodi."

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini leo kwenye sala Mzee Eliya aliniita pembeni. Habari zilikuwa zimemfikia na mapambo yake.

"Umevunja siri," alisema. "Umejichukulia sifa ambayo si ya mtu."

"Mzee, siri yetu ilikuwa inamlaza mama wa watu nje."

"Sheria inataka asione aibu."

"Aliona zaidi ya aibu. Aliona watu wanatafuta kiberiti."

Akasema tutaliongea baada ya sikukuu. Sawa, tuliongee, mimi nimeshaamua na naandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Mwaka ujao nakwenda mchana kweupe. Nabisha hodi, nataja jina la baba yangu, nakaa, nakunywa chai, nasema hiki ni chakula chetu cha mwaka mpya, na kichwa cha samaki nakieleza kabla hakijafunguliwa. Nikitengwa kwa hilo, nitengwe. Wasomi wa sheria wanisamehe, mimi niliishia kidato cha pili, lakini hata kidato cha pili tulifundishwa kumtazama mtu usoni unapompa kitu.

Ila neno moja la Mzee halijanitoka kichwani. Sifa.

Basi. Bonasi sijapata. Chai yangu niliikodisha mwaka jana mke wangu alipolazwa, na bonasi ni ya aliyeikodi. Kile kikapu sikukitengeneza mimi. Nilikikuta mlangoni kwangu Jumatatu asubuhi, nikakihamishia kwa Mama Divine kabla watoto wangu hawajatoka shule, kwa sababu sikutaka wajue kwamba mwaka huu familia iliyokwama ni sisi.

Unga niliubakiza. Tumeula.