Nyoka Kwenye Kitanda cha Harusi

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada ingawa naandika huku natabasamu, maana nimeolewa juzijuzi na fundi seremala mwenye mikono inayonukia mbao na moyo mtamu kama asali, na kila akiniita "mke wangu" bado nageuka nyuma kuona anamwita nani. Kitanda chetu amekichonga mwenyewe, na kwenye ubao wa kichwani ameweka nguzo iliyozungukwa na nyoka, nikashtuka, lakini akanishika mkono akasema, "Waisraeli walioumwa na nyoka jangwani walimtazama nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa, wakapona. Mimi upweke ulinitafuna mpaka mfupa, nikakutazama wewe, nikapona." Nililia, mshauri, nani asingelia?

Basi mama yangu akatuletea mapazia, akaingia hadi chumbani kupima dirisha, akapiga ukelele: "Mwanangu! Unalala na Shetani kichwani? Hawa naye alianza hivihivi, kwa maneno matamu!" Ameapa hatakanyaga kwangu mpaka nyoka akatwe kwa msumeno. Nikamfunika nyoka kwa shuka, mume wangu akarudi kutoka kazini, akatazama, akaniuliza polepole, "Unanionea haya?" Tangu hapo haniimbii tena usiku kama alivyozoea. Nampenda huyu, nampenda na yule, nifanye nini?

Bibi harusi mwenye furaha na machozi

*

Hongera, mwanangu, na pole kidogo tu, kwa sababu mengine umejitakia.

Mama yako hajakosea: nyoka wa Edeni alidanganya. Mumeo naye hajakosea: nyoka wa jangwani aliinuliwa watu wapone, na Yesu mwenyewe alijifananisha naye. Ila wote wawili wamefunga kitabu mapema. Nyoka huyohuyo wa shaba watu walikuja kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Kwa hiyo usiulize kama nyoka yupo, uliza mnamfanyia nini. Mnamsujudia? Mnamwomba watoto? Kama sivyo, huo ni ubao uliochongwa kwa mapenzi, na wenzako wanautafuta kwa tochi.

Sasa niambie: mama mkwe anatafuta nini chumbani kwa mkwewe? Dirisha ungelipima mwenyewe. Mlango umeuacha wazi, halafu unahangaika kufunika nyoka!

Ondoa hiyo shuka leo, kabla mumeo hajarudi, na umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa kumpikia tu. Kisha nendeni wote wawili kwa mama. Fundi amweleze mwenyewe, kwa adabu ya mkwe, nawe kaa kando ya mumeo, usimsemee. Mama akielewa, mkaribishe sebuleni. Akinuna, msalimie kila siku. Aliyekuzaa hatanuna milele. Lakini msumeno usiingie chumbani. Ukimkata nyoka leo kwa amri ya mama, kesho atakuja kukuchagulia upande wa kulala.