Nyanya za Rambirambi

Shikamoo Dada Tumaini,

Tumefika Ilula salama, ila masikio yangu nimeyaacha Mafinga. Shemeji yako kaweka kwenye gari albamu ya muziki wa metali unaowaimba Waviking, wale maharamia wa kale wa Ulaya: magitaa yananguruma, filimbi zinalia, wanaume wanaomboleza kwa pamoja. Nikiuliza, "Haijaisha tu?" ananijibu, "Huu bado utangulizi, mke wangu."

Tuliposimama kununua nyanya, mama muuzaji akaisikiliza ile kwaya, akanitazama nilivyonuna, akasema, "Poleni sana na msiba." Akatuongezea nyanya za rambirambi. Shemeji yako alitaka kumweleza. Nikamkanyaga mguu, nikaipokea pole yangu.

Wasalimie wote Ilomba. Nyanya nakuletea, dada, ila niombee: tunarudi kwa njia hiyohiyo, na msiba wenyewe una sehemu ya pili.

Mdogo wako, Neema