Wasio na Mstari

Kambi ya mkonge, njia ya Maramba
6 Mei 1984

Dada Hasina,

Shikamoo. Natumai kifua cha Mama kimeacha kumbana, na wewe mwenyewe umepona lile jino. Mimi mzima, ila mikono inanuka.

Nakwambia wewe peke yako, Mama usimsomee. Kazi nimepata lakini si ya kukata mkonge. Ni ya mbwa. Usicheke. Yupo Mzee Abrahamu, Mbondei, mtunza stoo wa hapa kambini. Mgiriki, tajiri wake wa zamani, alipoondoka alimwachia mbwa sita na kitabu cha masharti yao. Mbwa wenyewe si hawa wa kurushiwa mawe. Warefu, rangi ya ngano, na mgongoni wana mstari wa nywele zilizolala kinyume, zinaelekea kichwani wakati nyingine zote zinaelekea mkiani. Mwanzo wa mstari kuna vizungusho viwili, kama alama ya dole gumba. Kitabu kinataka viwili, vimekabiliana sawasawa. Kikiwa kimoja, au vitatu, mbwa huyo haendi kushindanishwa.

Kazi yangu kubwa ni vidole. Mtoto akizaliwa namvuta ngozi ya mgongo, naipapasa taratibu. Wengine wana kitundu, tundu la sindano tu, na chini yake kuna uzi unashuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Uchafu ukiingia humo mbwa anaoza kwa ndani. Mzee mwenyewe vidole vyake vimekufa ganzi kwa miaka ya mkonge, ndo maana kanichukua. Kasema, "We Nasri mkimya, na mkono wako unasikia."

Wenye kitundu hawaachwi. Wasio na mstari hawahesabiwi.

Kila jioni naoga mara saba kuondoa najisi ya mbwa, ya kwanza kwa udongo, kama alivyotufundisha Mama. Sabuni sijaiona tangu mfungo uliopita.

Mdogo wako,
Nasri


Bweni, Pangani
29 Mei 1984

Nasri mdogo wangu,

Marahaba. Jino nimeling'oa, kifua cha Mama kinakwenda kinarudi, na huku sukari tunaisikia kwa jina tu.

Mama kaijua barua yote. Nilicheka, akaniuliza nacheka nini, nikasema nacheka jina la mtu. Akasema, "Haya lisome hilo jina na mimi nicheke." Ningefanyaje? Alivyosikia akasema, "Mtoto nimemzaa anaogopa paka, leo mchunga mbwa!" Akacheka mpaka akakohoa. Lakini kaongeza, na hapo hakucheka: ukija, mkekani kwake hukai mpaka uoge mbele yake, akuhesabie mwenyewe. Hesabu yako ya huko kambini haitambui.

Sasa nikuulize. Umeandika wasio na mstari hawahesabiwi. Hawahesabiwi ndo vipi? Wanagawiwa watu? Mbona umepita hapo upesi upesi?

Dada yako,
Hasina


Kambini
17 Agosti 1984

Dada,

Shikamoo, na salamu kwa Mama, na nisamehe kwa kukaa kimya. Afya ninayo. Swali lako nimekaa nalo tangu siku ile.

Hawagawiwi. Kitabu kinasema mbwa wa namna hii asiye na mstari ni kasoro, asionekane, asije akazaa. Basi siku ya pili baada ya kuzaliwa nawatia kwenye gunia, napeleka kwenye birika la korona, kule wanakosafishia katani. Mzee hawezi kuangalia. Anakaa stoo anafungua redio kwa nguvu. Si mtu mbaya dada, siku mama yao akiwatafuta anakwenda kukaa naye chini, anamwomba radhi kwa Kibondei.

Mimi naangalia. Mtu mmoja lazima aangalie. Na kwa kuwa daftari la Mzee haliwaandiki, nimechukua kamba ya katani nawafungia fundo. Asiye na mstari fundo tupu. Mwenye kitundu fundo lenye kitanzi. Kamba naificha kwenye paa la banda.

Sasa kuna jambo limenianza. Nikitia maji kwenye kata nioge, kabla hayajatulia, nawasikia. Mchana kweupe, watu wanapita na baiskeli zao. Sauti ile ndogo ya mtoto anayetafuta chuchu. Nikimwaga inanyamaza, nikiteka tena inaanza. Mara saba ninazotaka kuoga nazisikia mara saba. Zipo siku nasali kwa kutayamamu, kwa vumbi, na maji yapo.

Mwezi uliopita alizaliwa mmoja jike, hana mstari, mgongo laini kama hariri. Vidole vyangu havikutaka kumwachia. Nilimtia kwa mbwa koko wa pale korona aliyekuwa ananyonyesha. Akishakua kidogo namtuma kwa lori la machungwa mpaka Muheza, yupo jamaa atamfikisha kwenu. Mpokee. Akae shambani, nyumbani asiingie. Mmoja tu dada.

Mdogo wako,
Nasri


Bweni
2 Oktoba 1984

Nasri,

Marahaba, na tumekuombea dua wote wawili.

Mgeni wako kafika ndani ya kikapu cha machungwa, anatapika, juu yake wamemwekea majani ya mgomba kama samaki. Mwenye pantoni hakutaka kumvusha. Nikamwambia ni dawa ya Mama. Akachungulia, akasema, "Dawa hii inabweka?"

Mama alitafuta kifuu, akakitia maji, akakiweka nje mbali na mlango. Baadaye namsikia anasema naye peke yake: "Na wewe kosa lako nini? Nywele?"

Tumempa jina Kasoro. Yuko minazini, na wezi wa nazi wameshahama kwetu wamekwenda kwa kina Mwanasiti.

Hilo la maji silipendi. Mama kasema usome Ayatul Kursiy kabla ya kuteka. Mimi nasema uache kazi. Lakini najua huachi, maana ukiondoka wewe atawekwa mwingine asiyefunga hata fundo. Ndo hivyo? Niambie kama nimekosea.

Dada yako,
Hasina


Kambini
20 Januari 1985

Dada Hasina,

Shikamoo. Pokea vipande viwili vya sabuni ya Mombasa, kimoja cha Mama. Na lile la kuacha kazi, hujakosea.

Ndiyo, nimefika Mombasa. Tangu mpaka wa Kenya ufunguliwe Mzee alikuwa na hamu ya kumpeleka Sultani, dume lake, kwenye mashindano. Tulipanda pikapu tukapita Horohoro, mimi nyuma na mbwa, askari wa mpakani akaomba karatasi za mbwa kabla ya zangu.

Uwanja umefyekwa kama kichwa cha mtoto. Mbwa wanatembezwa kwa mduara, mama mmoja wa Kizungu, mzee, anawaangalia mwendo, halafu mmoja mmoja anamfungua kinywa, anapima bega, anashika mkia. Mzee Abrahamu kavaa suti ya harusi yake, kitabu kwapani. Akaninong'oneza, "Angalia, angalia anavyofuata kitabu!"

Sasa dada, Sultani ana kovu. Limo ndani ya mstari, nywele zimelifunika, jicho halilioni. Vidole vyangu vinalijua tangu siku ya kwanza kumchana. Alizaliwa na kitundu. Alikuwa mzuri mno Mzee akashindwa kumuua, akamtafuta mtu akamkata akamshona.

Yule mama akafika mgongoni. Vidole vyake vikapita, vikasimama, vikarudi. Pembeni alikuwepo daktari wa mifugo wa kutoka Tanga, Daktari Zebedayo, ndiye aliyemsaidia kwa Kiswahili. Akaniuliza mimi niliyeshika kamba: "Kijana, mbwa huyu amewahi kukatwa hapa?"

Mzee alikuwa ananitazama. Nikatazama viatu vya daktari. Nikasema, "Mti ulimchoma."

Akapewa kikombe. Mzee alilia. Watu watatu palepale wakataka wawalete majike yao kwake.

Tulipokuwa tunafunga safari daktari akanifuata. Anachunguza mambo haya ya kurithi kwenye damu, kipi kinatoka kwa baba kipi kwa mama. Kasema ili ajue, lazima apate hesabu ya wote waliozaliwa, wazuri na wabaya, na daftari la Mzee linaonyesha eti hajazaliwa hata mmoja bila mstari. "Haiwezekani," kasema. "Wewe ndiye unayewashika. Wangapi?"

Nikageuka kumpakia Sultani kwenye pikapu. Kanipa anwani yake Tanga. Ninayo.

Mdogo wako,
Nasri


Bweni
11 Machi 1985

Mdogo wangu,

Marahaba. Sabuni Mama kaiweka sandukuni na nguo zake za Idi, anaifungua anainusa anaifunga. Kasoro mkubwa sasa, mzima wa afya, juzi kamfukuza nguruwe mpaka kaingia mtoni.

Nasri, nakwambia kwa kuwa hapana mwingine wa kukwambia. Wewe tangu mdogo ukiona jambo unalimeza. Ulimwona baba anapakia sanduku lake kwenye mtumbwi asubuhi ile aliyotuacha, ukakaa kibarazani unakula muhogo. Tumekuja kukuuliza jioni, ukasema, "Nilidhani mnajua." Mama hajakulaumu hata siku moja. Mimi nilikulaumu, kwa sababu nilikuwa na mbio wakati ule, ningemkuta kabla mtumbwi haujaondoka.

Nimeshasamehe. Lakini usinifanye nisamehe mara mbili kitu kilekile. Kamba unayo, anwani unayo. Sema.

Dada yako,
Hasina


Kambini
3 Juni 1985

Dada,

Shikamoo na mfungo mwema. Mama asifunge kama kifua kimeanza.

Sultani kafa. Kovu lilivimba, likapasuka, miguu ya nyuma ikalegea. Siku nne alikuwa anajikokota kwa mikono kunifuata mimi, si Mzee. Mimi niliyesema mti ulimchoma. Usaha ulikuwa umeshashuka kwenye uti. Siku ya nne adhuhuri alinitazama mpaka akaacha.

Juzi majike mawili aliyoyapanda yakazaa. Kumi na tisa. Nimewapapasa wote. Wanane wana kitundu, dada. Wanane! Wanne hawana mstari. Nilipomaliza nikapanda juu ya banda nikaishusha kamba niwafungie na hao mafundo, nikaishika kuanzia mwanzo. Nimeishika mara ngapi kamba ile, sikuwahi kuisoma kama kitu kimoja.

Vitanzi vyote ni vya wenye mstari. Vyote. Mafundo ya wasio na mstari ni kumi na tisa tangu nianze, kabla ya hawa wanne, na hakuna hata moja lenye kitanzi. Nimewapapasa kabla ya kuwatosa, nina hakika. Ngozi zao zote zilikuwa zinateleza kama ya Kasoro. Tulikuwa tunatosa wazima, tunalea ugonjwa kwa sababu una mstari mzuri.

Nikaenda nikamwambia Mzee. Nilisema yote, mpaka mwenyewe nikashangaa sauti yangu. Akakaa juu ya debe. Akashika kamba, akaipitisha kwenye vidole vyake vile visivyosikia, akanirudishia. Kasema, "Kitabu kimeandikwa na watu wanaojua, Nasri." Halafu: "Miaka ishirini na miwili nimefuata hiki kitabu." Halafu akaenda kufungua redio.

Redio inalia sasa hivi. Gunia kaniwekea mlangoni. Nimefunga, mate makavu, birika naliona kutoka hapa, na maji yake yametulia kabisa lakini nawasikia. Wale kumi na tisa wa kwenye kamba. Hawalii, wanatafuta.

Sijui nitafanyaje. Nakuandikia ili mtu ajue.

Nasri, mdogo wako


Bweni
4 Agosti 1985

Nasri mdogo wangu,

Sijui kama u mzima, nauliza hivyohivyo. Idi imepita hukuja. Barua zangu mbili hukujibu. Hii anaichukua Daktari Zebedayo mkononi, kasema atakutafuta.

Kikapu kimefika. Wanne wote wazima, wameshaota meno, wamenitafunia buibui. Kamba haikuwemo, nikajua umeipeleka kwa daktari. Jana daktari kaja na kamba yako kwenye mkoba, kaifunga kwa kitambaa kama hirizi. Kawatoa damu Kasoro na wale wanne, kila mmoja kachupa kake, kaandika majina. Ilibidi tuwape majina upesi. Kasema kipimo cha kujua kitundu kabla mbwa hajazaa bado hakijapatikana popote, ila siku kikipatikana watahitaji damu ya waliokuwa hawahesabiwi. Barua kamwandikia yule mama wa Mombasa pia, yenye ile hesabu yako yote.

Na katwambia habari yako. Kwamba siku ile uliingia bandani na wale wanne na mama yao, ukafunga kwa ndani, hukutoka siku arobaini na tano mpaka wakaacha ziwa. Kwamba Mzee Abrahamu ndiye aliyekuwa anakuwekea chakula na futari mlangoni. Kwamba gunia alilichoma mwenyewe, nyuma ya stoo. Hilo hukulijua, kasema nikwambie.

Lakini mwenye pantoni katwambia jingine. Kikapu hakupewa na mtu wa lori. Kapewa na kijana mwembamba, kimya, upande wa mjini. Kasema alimwambia panda, nafasi ipo. Yule kijana akashuka mpaka ngazi ya mwisho, akatazama maji, akaziba masikio kwa mikono miwili, akarudi juu. Nikajua ni wewe. Ukaondoka kwa miguu, njia ya Muheza.

Nilimsomea Mama tena barua zako zote kwa mpigo, na ile ya kata ya maji. Leo asubuhi kachimba udongo safi kwenye ukingo wa kisima, kauchekecha kama unga, kautia kwenye kifuu. Sabuni ya Mombasa kaitoa sandukuni. Nikamwambia, Mama, mtoto hawezi kuvuka. Kasema, "Nani kasema avuke yeye?"

Ijumaa tutakuwa tumeshavuka, tuko upande wa mjini, penye ngazi za pantoni, kuanzia saa tatu. Usipokuja, Ijumaa inayofuata, na inayofuata. Ndoo tunayo. Wewe utafumba macho. Kuteka atateka yeye, kumwaga atamwaga yeye, na kuhesabu atahesabu yeye, kwa sauti kubwa, ili usisikie kingine.

Dada yako,
Hasina